Mahafali ya Tapu Mlandege na Mbao za Mama Lea

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Ndugu Makamu wako ambaye hayupo lakini kiti chake kimehudhuria, Bwana Sadrudin wa duka la viatu, wadau wa maendeleo na wananchi wote wa Mlandege, kamwene! (Kamwene!) Mimi, Mratibu wa Kanda wa Dansi ya Tapu, yaani ile ya kugonga sakafu ya mbao kwa viatu vyenye vyuma, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa na kitambi cha wastani (kicheko) kutangaza kwamba, katika muktadha mtambuka wa kuwajengea uwezo wananchi, Iringa imevuka lengo kwa asilimia mia moja na kumi na nne! (Makofi.)

Kwa mujibu wa mwongozo nilioutunga mwenyewe, levo ya kwanza ni kucheza bila viatu, levo ya kati ni bila viatu wala sakafu, na levo ya juu ni bila viatu, bila sakafu na bila mwalimu. Na tathmini imeonesha kwamba ninyi nyote, vichanga wakiwemo, mlikuwa levo ya juu kabla hata sijafika! (Vigelegele. Mzee Kalinga: "Hata mimi wa magongo?") Baba, wewe ni mkufunzi wa wakufunzi!

(Mama Lea: "Mheshimiwa, mbao zangu! Umebomoa ghala langu, ukasema ni sakafu ya siku saba tu. Mahindi yako nje, na mvua ndiyo ile inakuja!") Mama yangu, hoja yako imepokelewa na inafanyiwa upembuzi yakinifu. ("Na nani?") Na mimi. (Miguno.)

Tapu kwanza! (Viatu baadaye!) Sakafu ni nini? (Ni fikra!)

Nahitimisha kwa kuwashukuru kwa mafanikio ya mradi huu, ambao andiko lake nitaanza kuliandika nikishapata kalamu, na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Lea, kwani mbao zake ishirini na mbili ndizo jukwaa hili nililosimama juu yake, na leo hii, tukimaliza tu, zitapakiwa kwenda kwenye uzinduzi wa Mbeya...

(Mama Lea anang'oa ubao wa kwanza. Mtaa mzima unamfuata.)

Ndugu wananchi, utaratibu! Mama, huo nimeukanyaga! Na huo! Jamani, na huo pia!

(Mratibu anarukaruka, ubao hadi ubao, viatu vikigonga ka-ka-ka. Mzee Kalinga: "Kumbe ndiyo hiyo tapu!" Vigelegele.)