Kila Mtu Alitaka Ishirini na Mbili

Alhamisi, 1 Septemba 2011
Kuanzia Nanyala mpaka geti la Zambia hajazaliwa mpiga picha kama mimi. Akizaliwa, picha yake ya kwanza nitampiga mimi! Shule niliachia kidato cha pili, hasara kwao. Leo dereva wa lori kanipa kipimo cha mwanga. Kadude ka mkononi, kana kipira cheupe kama nusu yai. Unakasogeza kidevuni kwa mtu, unabonyeza, kanatoa namba. Namba hiyo unaiweka kwenye kamera. Kamera yangu ni ya dijitali, picha unaiona papo hapo kwenye kioo. Mambo ya kitoto! Kioo nimekiziba kwa plasta. Fundi haangalii. Fundi anapima.

Ijumaa, 2 Septemba
Kesho dada Leah anaolewa. Mpiga picha alikuwa Efraimu wa studio, na kikamera chake cha flashi. Nikampima baba sebuleni, nikamsomea namba, nikamuuliza kama Efraimu amewahi kumpa namba. Akakiri hajawahi. Efraimu kwisha habari! Alipokuja kulalamika nikamwambia kesho aje kula pilau kama watu wengine.

Jumamosi, 3 Septemba
Nimepiga marufuku picha za simu, zinavuruga mwanga. Nikaanza kupima kwa sauti. Baba, juani: kumi na moja. Mzee Ngusa, baba wa bwana harusi, chini ya turubai: tano. Balaa! Mzee akasimama. Akauliza, ng'ombe ishirini kawaswaga kutoka Momba, leo anapewa tano? Shangazi Germana akamjibu ashukuru, kwa sura ile yeye angempa mbili. Ukoo wa Ngusa wote wima. Leah analia, wanja unashuka.
Akili ikachemka. Nikapima upya, nikatangaza mashine ilikuwa haijapata moto: Mzee Ngusa ana ishirini na mbili! Vigelegele. Baba naye akadai ishirini na mbili. Nikawapa wote, hadi mpishi. Na kwa kuwa mimi si mwongo, nikaweka ishirini na mbili kwenye kamera, nikapiga picha mia tatu.

Jumatatu, 5 Septemba
Nimebandua plasta. Giza! Harusi ya saa nane mchana, lakini kwenye picha ni wezi wanagawana shela porini. Efraimu kaja kucheka. Eti namba ikipanda, kamera inafumba jicho. Wivu tu. Mzee Ngusa yeye kachukua moja, nyeusi tii, anaitundika ukutani. Anawaambia wageni ndiyo ile ya ishirini na mbili.

Jumatano, 7 Septemba
Nimepata harusi nyingine, Chitete! Hao nawaanzia ishirini na mbili moja kwa moja, wasigombane. Plasta ninayo.
Leah kaja jioni. Hakunigombeza. Kaniomba picha moja tu ambayo uso wake unaonekana. Tumepekua zote mia tatu, mpaka betri ikakata. Haipo. Dada yangu hana picha ya harusi yake, na aliyemfukuza Efraimu ni mimi.