Volkswagen ya Bibi Harusi

Jumanne, 26 Julai 1994

Gari limefika. Volkswagen ya mwaka 1963, ile yenye mgongo wa kobe. Imeburutwa na lori la mahindi kutoka Manchira hadi hapa Nyamisangura. Njia nzima nilikaa nyuma ya usukani kama mtu anayeendesha. Watu walipunga mikono. Wengine walicheka, lakini hao huchekea hata msiba.

Nimeipata kwa Mama Efrazia, mjane wa karani wa mahakama. Ilikaa chini ya ghala lake miaka kumi na moja, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Nimempa maksai wetu wawili wa kulimia. Alitaka kuniongezea na kuku. Nilikataa kwa heshima.

Mpango ni huu. Mji mzima umehamia Nyamongo kuchimba dhahabu. Makarani, walimu, hata mpiga kengele wa kanisa. Wanaingia ardhini kama fuko, wanatoka na kikohozi. Mimi siingii shimoni. Nimewaona wanunuzi wa dhahabu wakibanana juu ya magunia kwenye pikapu, mali imefungwa kifuani. Mtu wa namna hiyo anahitaji gari la heshima na dereva aliyevaa koti. Koti ninalo.

Kabla ya hapo, gari litampeleka binti yetu Agustina kanisani tarehe 6 Agosti. Nimeshamtangazia mkwe, Mzee Waitara wa Machochwe, mbele ya wazee wake. Hakuna kurudi nyuma.

Mke wangu Mokami aliuliza mvua za vuli zikianza tutalima na nini. Nilimjibu kwamba mwenye gari halimi. Alilizunguka gari mara moja, akarudi jikoni. Hana jicho la mbali.

Alhamisi, 28 Julai

Saadi alikuja bila kuitwa. Ndiye fundi pekee aliyebaki mjini, wengine wako mashimoni pamoja na spana zao. Mtu wa Tanga. Anaongea polepole kama anayeogopa maneno yataisha.

Alilala chini ya gari, akasikiliza, akagonga hapa na pale. Alisema injini ni nzima, nisafishe kabureta na kubadilisha plagi. Gia boksi ndiyo inakwaruza, na asiifungue mtu asiyeijua. Yeye angeitengeneza bure, iwe zawadi yake ya harusi.

Zawadi. Anataka watu waseme kwamba aliyelifufua gari ni Saadi. Nilimkumbusha kuwa nimekuwa mtunza ghala wa ushirika miaka kumi na tisa. Nimewagawia mafundi vipuri yeye akiwa bado anawashikia tochi. Alisema kugawa ni kazi moja na kufunga ni kazi nyingine.

Nilimpa chai. Sikumpa gari.

Jumamosi, 30 Julai

Sirari, kutafuta plagi na gasketi. Muuzaji ni kijana wa upande wa Kenya, miwani ya jua ndani ya duka lenye giza. Nilimwomba gasketi ya gia boksi. Aliuliza ya gari gani. Nilipomwambia, alimwita mwenzake aje anitazame.

"Mzee, hii gari bado iko?" aliuliza. "Si ungeiwacha tu ipumzike?"

Nilinunua na kuondoka bila kuaga. Elimu ya Kenya inasifiwa bure.

Jumatatu, 1 Agosti

Injini imetoka. Gia boksi iko wazi. Nimeivua kama mtu anavyomenya ndizi. Vyuma nimevipanga uani juu ya mashuka, na Mokami amegundua kuwa ni mashuka aliyoyatenga kwa wageni wa Machochwe. Siku nzima hajaniita kwa jina.

Agustina alikuwa kibarazani akipiga pindo la gauni lake. Alishauri kila chuma kifungwe karatasi yenye namba, kinakaa wapi na kinatazama wapi. Alishakuja na kalamu na uzi. Mtoto mzuri, ila ualimu umemharibu, anadhani kila kitu ni daftari. Nilimwambia baba yake alikumbuka bidhaa elfu mbili za ghala bila kufungua leja.

Hakubishana. Aliokota nati iliyoviringika chini ya ndoo, akaipangusa kwa kanga, akaniwekea kiganjani. Ana vidole vya mama yangu. Sijui kwa nini naandika hili.

Jumatano, 3 Agosti

Nafunga. Vitu vingi vimekubali. Kuna gurudumu moja kubwa la meno, kama sahani, linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Lilikaa upande wa kulia bila kulalamika. Nikajaribu kushoto, likakaa vilevile. Chuma chenye adabu.

Saadi alipita na baiskeli, akasimama ukutani. Alisema hilo gurudumu lina upande wake, nikipenda ataruka aje anionyeshe, ni dakika moja. Nilimwambia najua.

Sikujua. Lakini akiingia dakika moja, harusini atasema alishinda hapa wiki nzima. Nikachagua kushoto.

Ijumaa, 5 Agosti

Imewaka. Sauti nzuri, kama cherehani kubwa. Majirani wote walitoka. Nilivaa koti kwa ajili ya majaribio, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Gari lilirudi nyuma, likaangusha kichanja cha vyombo cha Mokami.

Nikatia ya pili. Likarudi nyuma haraka zaidi. Ya tatu sikuijaribu, ukuta ulikuwa umekaribia. Nikatia gia ya kurudi nyuma. Likaenda mbele, taratibu, kama bibi kizee anayekwenda kisimani.

Saadi aliitwa na Mokami, si mimi. Alisikiliza, hakucheka. Kwa hilo namchukia zaidi.

"Mzee Athanas," alisema, "gari lako lina gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Lile gurudumu liko upande usio wake. Tukianza sasa, kesho alfajiri litakuwa tayari."

Majirani walikuwa wanatazama. Nilimwambia nimelifunga hivyo makusudi. Bibi harusi hapelekwi mbio. Gia moja ya mbele inatosha kabisa.

Saadi alimtazama Mokami. Mokami alikuwa anaokota vyombo.

Jumamosi, 6 Agosti

Harusi ilikuwa saa nne. Tulitoka saa tatu na nusu, Agustina kiti cha nyuma na gauni lake, maua yamefungwa kwenye kioo cha nyuma.

Wanawake waliokwenda kwa miguu wakiimba walitupita kwenye kona ya kwanza. Mokami alikuwa kati yao, alikataa kupanda. Mbuzi alitupita. Kwenye mwinuko injini ilianza kunuka, gari likasimama mara tatu. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ikapita. Nilimwona Agustina kwenye kioo akipangusa jasho ili poda isichuruzike.  Ningependa angenigombeza.

Nikafanya uamuzi wa kitaalamu. Nikaligeuza gari, nikatia gia ya pili, tukaanza kupanda kinyumenyume.

Mwendo mzuri sana. Tatizo ni maua, sikuona kitu. Agustina alihamia kiti cha mbele, akatoa kichwa dirishani, shela mkononi, akaniongoza.

"Kushoto, baba. Hapana, kushoto kwako wewe."

Kanisani, wazee wa Machochwe waliona mgongo wa gari unakuja kwa kasi na bibi harusi ametoa kichwa dirishani anapiga kelele. Mzee Waitara alidhani binti ananyang'anywa mlangoni. Alisimama na fimbo. Wazee wote wakasimama. Bwana harusi, Godwin, akaanza kukimbia. Nilikanyaga breki. Kumbe breki sikuzigusa wiki nzima.

Tukaingia kwenye mtaro ambamo wapishi walikuwa wanamwaga maji ya kuoshea ndizi.

 Kisha mlango wa abiria ulifunguka. Agustina alishuka, tope mpaka magotini. Nilikaa nimeshika usukani.  Alikuja upande wangu, akafungua mlango, akavua viatu vyake, akavishika mkono mmoja.

"Shuka, baba," alisema. "Sitaingia bila wewe."

Tukaingia. Aliuminya mkono wangu mpaka altareni. Nilipotaka kumkabidhi kwa Godwin, ni mimi niliyechelewa kuachia.

Saadi na wanaume watano walilinyanyua gari wakati wa ibada. Alichafua kanzu yake nyeupe. Nani alimwambia avae nyeupe.

Jumapili, 7 Agosti

Mzee Waitara aliaga. Nilimpa shikamoo, akaitikia akitazama juu ya kichwa changu. Agustina alinikumbatia, akanong'ona kwamba nisimsumbue mama yake. Wakapanda lori, wakaenda Machochwe. Nyumba imepwaya.

Mokami alisema mambo mawili. La kwanza, maksai wawili wawe kwenye boma kabla ya mvua ya kwanza. La pili, wasipokuwepo, yeye atakuwa kwa kaka zake. Alisema huku anakunja yale mashuka yenye grisi. Hakupandisha sauti. Ni heri angepandisha.

Jumanne, 9 Agosti

Mungu hamtupi mtu wa akili. Abdurahmani, mwenye shimo kule Nyamongo, amesikia habari za gari langu. Anataka injini ya kuvutia maji shimoni, na injini inayopozwa kwa upepo ndiyo aliyoitafuta. Gia hazimhusu. Alikuja mwenyewe, na maksai wawili wazuri, wekundu, wamefungwa nyuma ya lori.

Tulikuwa tunapeana mikono nilipoona kitu kingine kwenye lori. Karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alisema ni mbovu, mafundi watatu wameshindwa, anaipeleka kuuza chuma chakavu.

Mafundi watatu. Mafundi wa mashimoni hao.

Nilimwambia abaki na ng'ombe wake, achukue injini, aniachie karasha. Aliniuliza kama nina uhakika. Wasaidizi wake walishusha karasha haraka sana, kabla sijamaliza kujibu.

Mokami yuko shambani, hajui bado. Nimeanza kuifungua, nimeshatoa nati thelathini. Abdurahmani aliniachia na kitabu cha maelekezo, kizima, cha Kiswahili, chenye picha. Nimekiweka chini ya mguu mmoja wa karasha ili isicheze.