Umeme wa Cherehani ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Nimeonewa! Shemeji, mume wa dada, amenipiga marufuku kugusa soketi yoyote ya nyumba hii. Kisa? Televisheni. Imeungua mara moja tu, tena nilikuwa naiboresha. Eti nyumba yake si karakana, na nisipopata ile kazi ya stoo kwenye kiwanda cha sabuni, Jumatatu ijayo nakwenda kuponda kokoto kwa baba yake mdogo. Mimi! Kokoto!

Meneja wa kiwanda atanipigia Ijumaa asubuhi, na simu yangu iko hoi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akanipungia waya, eti njoo uchaji bure, Mhandisi. Jina hilo kanibandika yeye, mtaa mzima ukalidaka. Kweli, ndiye aliyenitaja kwa meneja, maana humnyoa kila wiki, lakini hiyo haimpi ruhusa ya kunikejeli. Nikamwambia sihitaji umeme wa mtu. Nguvu zimejaa kila mahali. Watu wanatembea, milango inabamizwa, magurudumu yanazunguka, na zote zinapotea bure! Nitazikusanya mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimevunja viberiti vya gesi, nikatoa vile vidude vinavyotoa cheche ukivibonyeza, nikavipanga chini ya zulia la mlangoni. Kila anayeingia anakanyaga, kila anayekanyaga ananichajia. Wa kwanza kuingia akawa mama yake Shemeji. Miguu mitupu. Akaruka, akapiga ukelele uliomtoa kinyozi dukani na mkasi mkononi.

Sasa familia nzima inapitia mlango wa uani. Hawa watu hawataki maendeleo! Simu haikupata kitu.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Dada ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Gurudumu linazunguka kutwa bila faida yoyote, ukiacha kushona nguo. Nikalifunga dinamo ya baiskeli mbovu, nikaunga waya, na alama ya chaji ikatokea. Nusura nilie.

Dada akalalamika kwamba cherehani imekuwa nzito na miguu inamuuma. Nikamsihi asisimame, maana akisimama na chaji inasimama. Akaniuliza kama nina homa. Lakini tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo akaendelea kukanyaga.

Alhamisi, 6 Machi

Lawama zote kwangu! Kosa langu nini? Nilisimama tu nyuma ya dada nikimhimiza: kanyaga, usipumzike, ukimaliza mshono mmoja unganisha na unaofuata. Akaunganisha. Kinyozi alipokuja kujaribu suruali yake mpya, mguu ukaingia, haukutokea. Chini kumezibwa kote kuwili, kama mifuko.

Dada aliniangalia kwa jicho baya. Kinyozi alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akarudia lile lake la waya. Hana haya hata kidogo! Lakini simu ina chaji ya kutosha kesho, tena ya jasho letu wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nikavuka barabara kumwonyesha kinyozi. Nikamwashia tochi mchana kweupe. Nikampigia muziki kwa sauti ya juu, wimbo baada ya wimbo, ashike adabu. Wateja wake wakacheza. Ndipo meneja akapiga. Nilikuwa katikati ya kumweleza kwamba mimi ni mtu wa kutegemewa, simu ikazima.

Ikazima! Dada alipopata habari alilia. Amesema miguu yake imevimba kwa ajili yangu. Niliumia kweli kumwona hivyo, nikamfariji kwa kumwambia kwamba angekanyaga kwa kasi zaidi haya yote yasingetokea. Akanirushia pasi. Bahati nzuri ilikuwa imepoa.

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi kaja mpaka nyumbani. Meneja alikwenda kunyolewa, akasema hana haja na mtu anayemkatia simu. Kinyozi akaniombea, na kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni, meneja akakubali. Atapiga Jumatatu saa tatu asubuhi. Mara moja tu, isipopokelewa basi. Shemeji kasikia yote, na nyundo ya kokoto ameshaiegemeza mlangoni.

Dada akanishika mkono. Mdogo wangu, akasema, nakuomba, chaji kwa kinyozi yaishe. Moyo ulilainika kidogo, nikiri. Kisha kinyozi akachomoa waya mfukoni. Kumbe anatembea nao! Nikakataa hapo hapo.

Jumapili, 9 Machi

Kosa nimeligundua. Ni miguu ya dada, haina pumzi. Ya Shemeji je? Kila siku anakwenda kazini kwa baiskeli, mwendo mrefu, anaondoka kabla jua halijachomoza. Dinamo nimeihamishia kwenye gurudumu lake la nyuma. Simu nimeifunga chini ya kiti chake, nikaizungushia mpira, hawezi kuiona.

Kesho atanichajia mwenyewe bila kujua, kwenda na kurudi. Jioni akirejea itakuwa imejaa pomoni. Meneja apige tu hiyo saa tatu yake. Safari hii haizimi ng'o!