Sikulazimishwa na Mtu Yeyote

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya michezo ya kiwanda chetu cha magodoro. Tangazo lilikuwa ubaoni wiki nzima: wafanyakazi wote wanatarajiwa uwanjani, majina yataandikwa langoni. Nimefika na meneja mwenyewe, bega kwa bega. Mimi, mtunza ghala wa miaka kumi na moja, nikapewa nafasi ya mwisho kwenye kuvuta kamba. Yaani nanga. Nikajifunga kamba kiunoni. Tukavutwa kama mkokoteni. Nikaanguka, wenzangu wanne juu yangu, goti likalia ko. Lakini kamba sikuiachia. Isingeachika, fundo nililipiga mwenyewe.

Jumatatu, 10 Juni
Plasta kutoka paja hadi kifundo. Wiki sita, kasema daktari. Spana, fundi mitambo wetu na mshindani wangu wa siku nyingi, kaja kunijulia hali. Kala ndizi zangu zote, kisha kanieleza kuwa nina haki ya fidia: kampuni ndiyo iliyotuita, kwa hiyo goti limeumia kazini. Nikamjibu hilo nilishalifikiria. Sikuwa nimelifikiria. Mke wangu kajaza fomu. Mimi nimetia sahihi, kubwa, ya kiume.

Jumatano, 12 Juni
Mpango: afisa wa fidia akija, anikute kitandani, kitambaa usoni, natia huruma. Nimefanya mazoezi ya kupiga kite cha maumivu. Mke wangu kasema nasikika kama mtu aliyeshiba. Kanisihi nijibu ninachoulizwa tu, nisiongeze neno. Nimekubali. Mimi ni msikivu sana.

Ijumaa, 14 Juni
Afisa kaja. Mama mpole, miwani, faili la kijani. Kite nimepiga vizuri. Kisha akauliza: siku ile ningebaki nyumbani, ingekuwaje? Mke wangu akanifinya mguu ulio mzima. Jibu nilikuwa nalo: ningehesabiwa mtoro. Lakini swali lilinichoma. Mimi ni mtu wa kuswagwa kama mbuzi?

"Mama," nikamwambia, "sikulazimishwa na mtu yeyote. Hata wangefunga lango, ningeruka ukuta."

Akaandika. Nikamwomba aandike pia kwamba kamba sikuiachia. Mke wangu kasema hapo fidia nimeizika mwenyewe.

Jumanne, 25 Juni
Fidia imekubaliwa. Nikajua tu, ule ukuta ulimgusa. Mke wangu akanisomea barua yote. Afisa alipita kiwandani, akachukua nakala ya tangazo, akamhoji shahidi. Shahidi ni Spana. Kasema asubuhi ile nilijificha ghalani nyuma ya rundo la sponji, meneja akanitoa kwa kunishika mkono, nami nikamwomba mara tatu nipewe kazi ya kugawa maji. Hivyo, inasema barua, mfanyakazi alishiriki "kwa kulazimishwa, bila hiari yake."

Mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akafuta machozi, akasema sasa daktari atalipwa na mshahara utaingia hadi nipone. Spana katuokoa, kasema, nimpigie simu nimshukuru.

Nilikuwa nakagua sponji. Ukaguzi unafanywa kwa kuchuchumaa.

Alhamisi, 27 Juni
Nimemaliza barua ya pingamizi, kurasa tatu. Nataka maneno "bila hiari yake" yafutwe, yaandikwe "kwa moyo wake wote." Nimeipeleka mwenyewe ofisi ya fidia kwa magongo, ghorofa mbili. Karani wa mapokezi kaniuliza kama naelewa kwamba faili likifunguliwa upya, malipo yote yanasimama. Nikasema naelewa. Akauliza tena, polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Nikamwambia apige muhuri.

Akapiga. Nimerudi nyumbani kichwa juu. Mke wangu bado yuko kazini. Nitamweleza akishakula. Atajivunia.