Jiko Lisilo na Moto

Jumatatu, 4 Machi
Nimetoka kimaisha! Leo kazini nilikuwa nazima chokaa mbichi, ile ya mabonge, tupake ukuta wa bohari. Nikaimwagia maji pipani. Pipa likatokota! Hakuna kuni, hakuna mkaa, hata kiberiti hakuna. Mimi mpaka rangi wa miaka kumi, jambo hili naliona kila siku, leo ndiyo akili imefunguka. Jiko lisilo na moto! Nimerudi na nusu ndoo ya mabonge. Mke wangu kauliza ya nini. Nimemwambia atulie.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: sufuria kubwa chini, ndani yake chokaa na maji. Sufuria ndogo katikati, na mayai. Kubwa tunayo moja tu, ya aluminiamu, tena ya kuazima kwa mama mkwe. Anaifuata Jumamosi. Mke wangu kaapa: sufuria ya mama ikipata kasoro, anaondoka na mama yake. Nimecheka. Mama mkwe huniita Bwana Mipango, na si kwa kunisifu. Akila yai lililoiva bila moto, atanyamaza.
Jioni nimejaribu. Mayai yameiva! Nimeruka mpaka nimegonga kichwa mlangoni. Na mapovu yalivyokuwa yakitoka pembeni mwa sufuria! Nguvu hiyo.

Jumatano, 6 Machi
Sufuria imekuwa nyeusi ndani. Nimeisugua kwa mchanga. Jirani yetu, mwalimu wa kemia, kachungulia dirishani. Haalikwi, hakosi. Kasema chokaa mbichi ni oksidi ya kalsiamu, ikikutana na maji hutoa joto na kuwa alkali kali, ninawe mikono na nikinge macho. Kasema kutu ni oksidi ya chuma, ndiyo wekundu wa rangi tunayopaka mageti kwanza. Na weupe wa rangi ya dukani ni oksidi ya titaniamu. Kumbe mimi mkemia siku zote!
Halafu akaharibu. Eti aluminiamu nayo imevaa oksidi, ngozi nyembamba isiyoonekana, inayoikinga. Asidi huila, alkali huila. Ngozi ikiisha, inaliwa sufuria yenyewe. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi mara tatu. Chokaa nimeiacha humo humo izidi kukolea.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa. Mama mkwe kafika mapema, yai hataki, anataka sufuria. Kaimwaga chokaa, kainyanyua sufuria kuelekea dirishani. Mwanga ukapita kwenye matundu. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Kamwambia binti yake afungashe. Mke wangu kasema atarudi akiona sufuria mpya, si maneno. Nimekula mayai sita peke yangu. Nimelia kidogo.

Jumapili, 10 Machi
Ushindi! Nimempa muuza vyombo baiskeli yangu, kanipa sufuria mpya, kubwa kuliko ile. Nimemtumia mke wangu picha. Kacheka! Wanakuja saa kumi na moja jioni, yeye na mama yake.
Nimekaa naitazama inavyong'aa, nikamkumbuka mwalimu. Ngozi! Sufuria ya mama ilikuwa kuukuu, ngozi imechakaa, lazima iliwe. Hii ngozi yake mpya kabisa, haijaguswa na mtu. Na mabonge yamebaki robo ndoo.
Sasa hivi ni saa tano asubuhi. Muda tele!