Pembe za Bihogo

Jumatatu, 5 Julai 1954
Nimemaliza! Hadithi ya picha nane, karatasi moja: bahili anaona wageni, anajificha nyuma ya ng'ombe wake asije akawakaribisha maziwa. Miguu inaonekana! Bahili ni Mzee Rwegasira, lakini nani atajua? Nimempa pua nyingine, ndevu, kofia ya Kizungu. Soko zima likicheka, mzee atasikia sifa zangu na kunipa kazi ya kuchora duka lake jipya hapa Kihanga. Kazi hiyo ni yangu, mimi niliyejifundisha kwa makaa ya jikoni, si ya Anatory mwandika mabango, ambaye kipaji chake chote ni rula aliyopewa shule ya misheni.

Jumatano, 7 Julai
Nimeitundika sokoni. Watu wamecheka hadi kushikana mabega. Halafu Eustadia muuza ndizi akapiga kelele: jamani, si Bihogo, ng'ombe wa Rwegasira, huyu? Ndiye! Baka jeupe tumboni, pembe ya kushoto imelala. Nilimchora nikimtazama! Ndevu zote zile, bure. Nchi hii hakuna anayemtazama mtu ng'ombe akiwepo. Anatory kaniuliza kama siku ya kuomba kazi nitavaa ile kofia. Mshenzi.

Alhamisi, 8 Julai
Nimeshinda migombani. Mke wangu Placidia amekataa kuwaambia watu sipo. Kasema kaolewa na mchoraji, hakuolewa na panya. Halafu miguu yangu inaonekana.

Ijumaa, 9 Julai
Mzee amekuja na fimbo! Shikamoo yangu ilitoka kama mlio wa mbuzi. Akaniuliza: wewe kijana, hizi ndizo pembe za Bihogo? Mbona umezikata ncha? Nikamwambia karatasi iliisha. Akasema ukuta wa duka lake haujaisha, nikamchore Bihogo mzima, na pembe zake zote. Kazi nimepata! Yule bahili wa kwenye picha, mzee kamwita mjinga: yeye mwenyewe angejificha penye majani marefu. Anatory ataandika jina la duka, chini ya kwato.

Jumapili, 11 Julai
Mahubiri marefu, hadithi mpya ikakamilika kichwani, na jioni hii nimeichora. Karani wa kahawa anasinzia kazini hadi kuku wanataga kwenye mizani. Karani ni yule yule atakayepima kahawa yangu Jumanne. Lakini sasa nina akili: sichori ng'ombe kabisa! Nimempa upara, kitambi na miwani. Mama yake mzazi atampita njiani. Baiskeli yake tu nimeichora ilivyo, na kengele zake mbili na tandiko la ngozi ya mbuzi.
Nani anatazama baiskeli?