Kisu Nilichowafulia Wakwe

Jumatatu, 14 Julai

Sista Sabina, dada yangu, Tumsifu Yesu Kristo. Kifua kinaendeleaje na ubaridi huu? Na lile goti? Hapa Bashay ukungu hauondoki mpaka saa nne, lakini wote wazima, ng'ombe nao wazima, wifi yako Bernadina anakusalimu. Ulisema niandike kwenye daftari hili yote ninayoyafanya, nisifiche kitu, kisha nilitume kwako huko konventi, ili ujue hasa unaniombea nini. Basi naanza.

Hilary anaoa. Yaani mwanangu, dereva wa watalii, niliyedhani ameshafunga ndoa na lile Land Cruiser. Binti anaitwa Seenoi, Mmasai wa Endulen, nesi. Ana adabu mpaka unajishuku. Jumamosi wakubwa wake wanakuja kupaona nyumbani: Tobiko, baba yake, na Loserian, kaka mkubwa wa Tobiko. Huyo Loserian ndiye wa kutoa baraka. Seenoi amemwambia Hilary waziwazi kwamba bila baraka ya baba mkubwa haolewi, hata ampende namna gani. Hilary akaniomba jambo moja tu. Akasema, baba, siku hiyo usifanye kitu.

Nimeumia. Baba mzazi nisifanye kitu?

Na msemaji wetu ni nani? Shemeji Joseph, kaka yake Bernadina. Wazee wamemchagua, eti ana maneno. Ameshatafuta kondoo, blanketi na sukari, anatembea barabarani kama diwani. Siku ya mwanangu inageuka siku ya Joseph.

Lakini nimepata wazo. Nitawapa wakwe kisu. Si cha dukani. Nitakitengeneza kwa mikono yangu, hapa kwenye banda la mbuzi. Mmasai na chuma kizuri kiunoni, nani hajui? Kondoo wa Joseph ataliwa, asahaulike. Kisu kitabaki.

Alhamisi, 17 Julai

Dada, kutengeneza kisu si mchezo. Kwenye simu kuna mzungu mwenye ndevu anayefundisha wanaoanza. Kiingereza changu unakijua, kwa hiyo naangalia mikono yake tu. Kila akianza kuongea naruka mbele.

Nimepata kipande cha springi ya gari. Fuawe ni kipande cha reli, kimekuwa kikishikilia mlango wa banda tangu mama yetu akiwa na meno. Moto kwenye jiko la Bernadina. Upepo kwa pampu ya baiskeli. Nimepampu mpaka nimeona malaika. Nimegonga jana kutwa nzima. Springi ni ngumu kuliko moyo wa Farao. Mwishowe ikapata sura ya kisu, nikaichomoa ikiwa nyekundu, nikaichovya kwenye ndoo ya maji. Mzungu alitumia mafuta, lakini mafuta ni ya kula, ningechovyaje? Ikalia ti, ikagawanyika vipande viwili. Nilibaki nimeshika koleo na mdomo wazi. Jiko nalo limepasuka. Bernadina alilitazama jiko, akanitazama mimi, akaenda kuazima la jirani.

Leo nimeiacha springi. Nimekata bapa kutoka kwenye toroli bovu. Chuma chenye utii wa ajabu! Kila nilichokiambia kilikubali. Nikasema asante Mungu, kumbe kuna vyuma vya Kikristo. Tupa, msasa, mpaka nikaona pua yangu humo. Mpini wa mti wa loliondo, nimeubandika kwa gundi. Nimekijaribu kwenye parachichi. Limekatika bila kelele.

Joseph alipita. Akauliza, "Fundi wa simu, hicho ni kisu au ni kijiko kilichokonda?" Nikamwambia wivu ni kimoja kati ya vilema vikuu saba. Akasema uvivu nao umo, na mahindi yangu bado yako shambani.

Jumamosi, 19 Julai

Sijui niandikeje.

Wageni walifika vizuri. Loserian ni mrefu, shuka nyekundu na koti la suti juu yake, macho kama ya hakimu. Joseph akaongea, na alivyo na maneno, kweli akaongea. Kondoo akapokelewa. Blanketi zikapokelewa. Bernadina akaniashiria kwa nyusi nikae. Nikasimama.

Nikaleta kisu kwenye sinia, kimefunikwa kitambaa alichodarizi Bernadina. Loserian akakichukua, akakigeuza, akauliza kwa upole nimekinunua wapi. Hapo, dada, hapo ndipo ulimi uliponiponyoka. Nikasema hakikununuliwa, mzee, nimekifua mwenyewe kwa moto na nyundo. Nikamwona Joseph anakenua. Nikaongeza kwamba hii ni kazi ya ukoo wetu, babu alifua, na babu yake babu alifua. Kwetu, nikasema, mtoto wa kiume anazaliwa na nyundo.

Unamkumbuka babu. Hata wembe wa kunyolea alikuwa anaazima.

Wageni wakatazamana. Nikadhani wamevutiwa. Loserian akakiweka kisu kwenye majani, taratibu, kama mtu anavyoweka yai. Akaomba mafuta. Bernadina akakimbia, akarudi na dumu zima la mafuta ya kula, akidhani chakula kimepungua kitu. Mzee akajipaka viganja vyote viwili. Akamwambia Tobiko neno moja la Kimasai. Wakainuka. Pilau haijafunuliwa, wakainuka. Seenoi, aliyekuja nao, akajifunika uso kwa khanga.

Tobiko akarudi getini kuniambia yeye ni Mkristo, halimsumbui sana, ila baraka si yake, ni ya kaka.

Lipi halimsumbui? Sikuelewa. Hilary ndiye alinieleza, ameegemea ukuta. Kwao mhunzi anaitwa olkunoni, na ukoo wa wahunzi ni ukoo wa peke yake. Wanawaheshimu kwa kazi, mikuki na sime vinatoka kwao, lakini wazee wa zamani kama Loserian hawapokei chuma kutoka mkononi mwa mhunzi bila kujipaka mafuta, na hawaozani nao. Seenoi mwenyewe anaona ni mambo ya kale, rafiki yake wa wodini ametoka nyumba ya wahunzi. Ila bila baraka haolewi, na baba mkubwa amesema hatoi binti kwa wahunzi.

Nikamwuliza Joseph kwa nini hakunionya. Akasema, "Mimi nilikuja kusema habari za kondoo. Ningejuaje utamfufua babu na kumpa nyundo?"

Hilary amechukua begi, amekwenda kukaa kwa mwenzake mjini. Hakuniaga. Sijawahi kuona mwanangu hajaniaga.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri. Baadaye nikamfuata padre, nikamweleza yote. Akasema dawa ni rahisi, mpigie mzee, mwambie ulidanganya. Nikamwuliza kama rozari nzima haiwezi kutosha. Akasema haitoshi. Nikamwuliza mbili. Akafunga mlango wa sakristia.

Bernadina anasema hivyohivyo. Lakini nifikirie, dada. Nimwambie Mmasai mzima kwamba nilisema uongo mbele ya sinia? Na Joseph asikie? Atalisimulia kwenye jumuiya mpaka Kwaresima.

Hapana. Lazima kuna njia ambayo haipiti kwenye ukweli moja kwa moja.

Jumanne, 22 Julai

Nimeipata, nimeitumia, na nimeshtuka.

Nilifikiri hivi: tatizo ni damu ya ukoo. Basi niitoe damu. Nikampigia Loserian mwenyewe, namba nilimsihi Hilary mpaka akanipa. Nikamsalimu vizuri. Nikamweleza kwamba ukoo wetu ni wa wahunzi kweli, ila mimi si wa damu yao. Mimi niliokotwa. Nikiwa mchanga, kando ya barabara ya Mbulu, ndani ya kikapu.

Kwa hiyo, dada, kwa upande wa Endulen mimi na wewe si ndugu. Nisamehe. Ni kwa muda tu.

Nikasikia kengele za ng'ombe wake. Kisha mzee akauliza, basi ukoo wako ni upi? Nikasema haujulikani. Akauliza waliokuzaa walikuwa watu gani? Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Akasema kwa Kiswahili safi kabisa kwamba juzi alikuwa hawezi kumpa binti mtu wa ukoo anaoujua, na leo anaombwa kumpa mtu asiye na ukoo wowote. Akanitakia afya njema. Simu ikakatika.

Nilikaa kwenye gunia la maharage.

Jioni Hilary alikuja kuchukua nguo zake zilizobaki. Akaniuliza, "Baba, uliokotwa lini?" Nikamkunjia shati. Akasema Seenoi ameomba zamu za usiku ili asiwaze. Macho yake, dada. Alipokuwa mdogo ndama wake alikufa, alikuwa na macho yaleyale.

Bernadina amechukua kisu. Sijui amekiweka wapi. Hanisemeshi, ananiwekea ugali na kuondoka.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya mnada hapa Karatu. Vumbi, mbuzi, vitunguu, redio nne zinalia kwa mpigo. Nilisikia Loserian na Tobiko wameleta mbuzi kuuza, nikaenda na hadithi ya tatu, nzuri kuliko zote, ya baba wa ubatizo. Sikuisema. Nilipofika kwenye mabanda ya nyama choma nikawakuta wamekaa tayari, na mbele yao amesimama mke wangu, na Joseph, na Hilary nyuma yao anaangalia viatu.

Bernadina anaongea. Mwanamke ambaye kwenye mikutano huwa anakohoa tu. Alikuwa anamwambia Loserian, "Mzee, mume wangu uongo unamtoka kama jasho. Mama yake aliyemzaa yuko hai, yuko Mbulu, ana kisukari. Lakini usiniamini mimi. Iulize kazi ya mkono wake." Akamwashiria Joseph. Joseph akatoa kisu changu kwenye koti.

Nilitaka kuruka. Tobiko akanishika bega, nikakaa.

Wakaletewa ubavu wa mbuzi kutoka motoni. Mzee hakukigusa kisu, akasema akate Joseph. Joseph akakata. Nyama laini ikapita, moyo wangu ukainuka. Kisha kikakutana na mfupa. Dada, kisu changu kilijikunja. Kilijikunja polepole, kwa adabu, kama mtu anayepiga goti kanisani. Joseph akakinyoosha kwenye paja lake, akajaribu tena, kikajikunjia upande wa pili. Akakinyoosha mara nyingine. Mpini ukatoka, ukatumbukia kwenye kachumbari.

Mchoma nyama akauliza kwa sauti kama ni cha plastiki.

Mabega ya Loserian yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Yule mzee alicheka mpaka akajifuta kwa shuka, akakohoa, akapigwa mgongo, akacheka tena. Akasema, "Huyu hajawahi kuwa mhunzi. Na babu yake hajawahi. Nimewakosea wahunzi kuwataja kwa pamoja na mtu huyu, nikikutana nao nitawaomba radhi." Watu wa banda zima wakageuka kunitazama.

Nimefedheheka mpaka kwenye mifupa. Nikasimama kueleza kwamba yule mbuzi alikuwa mzee mno, mfupa wa mbuzi mzee haukatwi na kisu chochote, na kwamba kosa lilikuwa kwenye kuchovya tu, nikipewa springi nyingine watashangaa. Bernadina akanikanyaga. Nikaendelea. Joseph akanitia kipande cha ini mdomoni, cha moto.

Wakati natafuna, Loserian akamwita Hilary. Hilary akainama. Mzee akamtemea mate kidogo kichwani, ya baraka, kama wanavyofanya wao, na kumwambia Engai, Mungu wao, amjalie watoto na ng'ombe. Mwanangu hakuinuka mara moja. Niliona mgongo wake unatetemeka. Joseph akatazama pembeni. Mimi ilibidi nimeze lile ini bila kumaliza kutafuna.

Tobiko akampigia Seenoi. Tulisikia kigelegele kwenye simu, nadhani wodi nzima ilijiunga.

Jumapili, 27 Julai

Harusi itakuwa Oktoba, Mungu akipenda. Hilary amerudi nyumbani, amekula sahani mbili. Leo kwenye jumuiya Joseph amesimulia habari ya kisu, na ameiga kinavyojikunja. Watu walishika mbavu. Nikawaacha wacheke. Hawajui kwamba bila kisu kile baraka isingepatikana. Ningetengeneza kisu kizuri, tungepotea. Nikitafakari, naona ndani yangu nilijua. Roho aliniongoza kwenye lile toroli.

Loserian ameomba jambo moja tu kupitia kwa Tobiko: nisiguse moto tena. Nimetii, dada. Moto nimeuacha kabisa.

Nimeanza kitanda. Cha maharusi. Msumeno nimeazima, mbao ninazo, na yule mzungu mwenye ndevu kumbe ana ndugu yake anayefundisha vitanda kwa wanaoanza. Hakuna mtu anayeshikwa na mwiko kwa kitanda. Mchana nimempigia Loserian nimtoe wasiwasi. Nimemweleza kwamba uhunzi ulikuwa utani, kazi halisi ya ukoo wetu ni useremala, kama Mtakatifu Yosefu, tangu babu. Akauliza ni nani mwingine anaweza kuthibitisha. Nikamwambia nina dada, mtawa, hajawahi kusema uongo tangu abatizwe. Nimempa namba yako.

Kwa hiyo akikupigia, babu alikuwa seremala. Nakuomba unijibu mapema, dada, kabla hajapiga.

Ndugu yako wa damu,
Piusi